Taa ya DPF ikiwaka: kabla hujakata, jua kilichojaa

Mwenye gari la dizeli aliyewakiwa na taa ya DPF, yaani chujio la masizi kwenye eksosi, hapa Malindi hakosi washauri. Wa kwanza atamwambia alipige resi mpaka Kilifi na kurudi, taa itazima yenyewe. Wa pili atamwambia chujio litolewe, lioshwe kwa mashine ya maji. Wa tatu, ambaye ndiye mwenye sauti kubwa gerejini, atataka chujio litobolewe kabisa: “Mzee wangu, hii tukate tu, taa hiyo hutaiona tena.” Ajabu ni kwamba kila mmoja ana mfano wa gari lililopona kwa dawa yake, na wala hadanganyi. Magari hayo yaliugua magonjwa tofauti. Chujio linaweza kuwa limejaa masizi, linaweza kuwa limejaa majivu, au linaweza kuwa halijajaa kitu ila kompyuta ya gari inapewa habari za uongo. Dawa ya moja haiponyi la pili, na ziko dawa zinazoliua chujio ambalo lingepona.

Kifaa chenyewe ni kopo la chuma kwenye njia ya eksosi, ndani yake mna tofali la kauri lenye maelfu ya vijia vyembamba. Kila kijia kimezibwa upande mmoja: hiki kwa nyuma, jirani yake kwa mbele. Moshi ukishaingia hauna pa kutokea ila kupenya ukuta wa kauri wenyewe, ambao una vitundu vidogo mno. Gesi hupita, masizi hubaki. Kwenye magari mengi, mbele ya tofali hilo huwa kuna jingine fupi, kataliti, lililopakwa platinamu na paladiamu ili liunguze gesi na kupandisha joto. Mara nyingi yote mawili hukaa kwenye kopo moja, ndiyo maana watu huyachanganya. Vali ya EGR ni kitu kingine kabisa. Hiyo hurudisha sehemu ya moshi ndani ya injini ili mwako usiwe na joto kupita kiasi. Nayo huingiwa na masizi, na ikikwama huliponza chujio, lakini aliyekusafishia EGR hajakusafishia DPF.

Majina nayo yanavuruga. Peugeot, ambao mwaka 2000 walianza kuliweka chujio hili kwenye modeli yao ya 607, huliita FAP. Isuzu huliita DPD, na Hino huliita DPR. Dereva wa lori la Isuzu Elf anayebeba chumvi kutoka Gongoni, akaona kitufe cha DPD kwenye dashibodi, anatazama kitu kilekile. Malori hayo ya Japani yalivishwa chujio kwa sababu ya jiji la Tokyo: gavana wake wa wakati huo, Ishihara Shintaro, aliwahi kutikisa chupa ya plastiki yenye masizi mbele ya waandishi wa habari, na kuanzia Oktoba 2003 malori ya dizeli yasiyotimiza kiwango cha masizi yakazuiwa humo na katika mikoa ya jirani. Ulaya nayo ilipoanza viwango vya Euro 5 mwaka 2009, karibu kila gari dogo jipya la dizeli likalazimika kuwa na chujio. Kwa upande mwingine, Land Cruiser la zamani lenye injini ya 1HZ, lile linalopeleka watalii Tsavo, lilitoka kiwandani bila chujio lolote. Ukiambiwa DPF yake imeziba, tafuta fundi mwingine.

Wanaosumbuka hapa kwetu hasa ni wenye Mazda CX-5 ya dizeli, iliyotoka 2012, Prado la injini ya lita 2.8 lililoanza 2015, na malori madogo ya Japani. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye zaidi ya miaka 8 tangu lisajiliwe, kwa hiyo wengi huagiza lenye miaka 7 ili wapate nafuu ya bei. Kumbe chujio nalo lina miaka hiyo 7, na hakuna anayejua liliishi vipi huko lilikotoka.

Masizi ni kaboni, na kaboni huungua. Gari likienda mwendo mrefu, moshi ukawa moto vya kutosha, sehemu ya masizi huungua polepole bila dereva kujua. Isipotosha, kompyuta huingilia kati. Hunyunyizia dizeli ya ziada ndani ya silinda baada ya mlipuko kwisha. Dizeli hiyo haisukumi gari, bali inakwenda kuungua kwenye kataliti na kupandisha joto la chujio hadi nyuzi 600 hivi. Kazi hii huchukua kama dakika 10 hadi 20 na hurudiwa kila baada ya kilomita mia kadhaa. Dalili zake zipo kwa anayezijua: silensa, yaani mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta, inapanda kidogo, injini inanguruma kwa sauti nzito, kuna harufu ya kitu kinachoungua, na ukizima gari feni ya rejeta inaendelea kuzunguka kwa nguvu. Wengi wakiisikia feni hiyo hudhani gari limechemsha.

Sasa tazama gari la Malindi linavyoishi. Asubuhi linatoka Maweni kupeleka watoto shule, linapita sokoni, linakwenda Casuarina, jioni linarudi. Kila safari ni kilomita tatu au nne na matuta njia nzima. Moshi haupati moto, masizi yanarundikana, kompyuta inaanza kuchoma, na kabla haijafika nusu dereva ameshafika dukani kazima injini. Kesho inaanza upya na kukatizwa upya. Kila ikikatizwa, sehemu ya ile dizeli ya ziada hubaki kwenye kuta za silinda, hupenya kwenye ringi na kushukia kwenye oili. Kiwango cha oili kinapanda. Mwenye gari akivuta kijiti cha kupimia hufurahi kwamba injini yake hailambi oili. Kwenye CX-5 ya dizeli kijiti hicho kina alama ya X juu ya alama ya kujaa, na oili ikifika hapo, ibadilishwe. Gari lolote lile, kinuse kijiti: kikinuka dizeli, oili hiyo imeshakuwa nyepesi na haiwezi kuilinda tabo.

Halafu yapo masharti ambayo kompyuta haitaki kuyavunja. Magari mengi hukataa kuanza kuchoma kama tangi liko chini ya robo, na hapa wengi wetu tunanunua mafuta ya mia tano leo, mia tano kesho kutwa, sindano haijawahi kuvuka robo tangu Idi. Taa ya injini ikiwa inawaka kwa hitilafu nyingine, kuchoma husimamishwa. Kwenye modeli kadhaa hata plagi moja ya kupashia moto ikiungua inatosha kuzuia, na kwa kuwa pwani hakuna baridi ya asubuhi ya kuifanya injini igome kuwaka, dereva hana habari kwamba plagi imekufa mwaka mzima.

Sharti lililobaki ni joto la maji ya injini, na hapo ndipo mafundi wetu walipolichokoza tatizo wenyewe. Kuna desturi ya miaka mingi ya kutoa themostati na kuitupa, kwa hoja kwamba pwani ni joto, injini inahitaji kupozwa muda wote. Kwa injini ya zamani gari liliendelea kwenda, likila mafuta zaidi bila mtu kujua. Kwa dizeli yenye chujio ni balaa. Bila themostati, maji huzunguka kwenye rejeta tangu sekunde ya kwanza, injini hubaki kwenye nyuzi 60 na kitu, na kompyuta inayosubiri zipite 70 au zaidi ndipo ianze kuchoma husubiri mpaka chujio lijae. Unaweza kuendesha hadi Mombasa, kilomita 120, na lisichome hata mara moja. Ningekuwa na uwezo wa kukagua kitu kimoja tu kwenye gari la dizeli lililopita mikononi mwa mafundi watatu wanne hapa, ningekagua hicho. Themostati ni spea ya bei ndogo. Imewagharimu watu machujio ya laki kadhaa.

Lakini hata mwendo uwe mzuri na joto liwe sawa, injini inayotoa masizi mengi kupita kiasi italishinda chujio lolote. Nozeli inayochuruzika, mpira wa hewa ya tabo uliopasuka, EGR iliyokwama ikiwa wazi, tabo inayopitisha oili: kila moja ya hizo inaongeza masizi. Na hapa chujio lina kasoro moja ya kiajabu, nayo ni kwamba linaficha ugonjwa. Gari lisilo na chujio lingetoa moshi mweusi, kila mtu angeuona na kukupigia kelele barabarani. Lenye chujio linauhifadhi moshi huo kimyakimya, mpaka siku taa inapowaka. Mafuta yaliyochanganywa yana lawama yao pia. Mwaka 2018 serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuua faida ya kuyachanganya na dizeli, lakini nozeli nyingi zilikuwa zimeshaonja. Mafuta ya taa hayalainishi kama dizeli, na nozeli iliyosagika huanza kuchuruzika.

Majivu ni habari nyingine. Kwenye jiko la makaa, uchochee utakavyo, makaa yataisha na majivu yatabaki, na hakuna moto wa kuyaondoa, lazima uyachote. Majivu ya DPF hayatoki kwenye dizeli ila kidogo sana. Yanatoka kwenye oili ya injini, kwenye viungo vya kalsiamu, magnesi na zinki vinavyowekwa ili ilainishe vizuri. Kila tone la oili linaloungua kwenye silinda huacha chembe, na chembe hizo hukaa mwishoni mwa vijia na kupunguza nafasi ya masizi. Ndiyo maana gari lenye majivu mengi huchoma mara kwa mara zaidi: zamani kila kilomita 400, sasa kila 150, na bado taa inarudi. Chujio lililotunzwa hufika kilomita 150,000 hadi 250,000 kabla ya majivu kulishinda. Zipo oili zenye majivu machache zilizotengenezwa kwa magari haya, na kwenye kopo utaona alama ya ACEA ikifuatwa na herufi C na tarakimu, kama C2 au C3. Oili nzito ya lori inayouzwa kwa mtungi inaweza kuwa nzuri sana kwa injini ya zamani, lakini kwa chujio ni mzigo.

Kuna na lile la uongo. Kompyuta haina jicho ndani ya kopo. Inakisia kwa sensa moja yenye vijibomba viwili, kimoja kabla ya chujio na kingine baada yake. Sensa hupima tofauti ya msukumo kati ya pande mbili. Kukiwa na kizuizi, tofauti inakuwa kubwa. Vijibomba hivyo huishia kwenye vipande vya mpira vinavyokaa karibu na joto la eksosi, na hukauka na kupasuka. Chuma chao nacho kinaliwa na kutu, na kwa upepo wa chumvi tulio nao ufukweni si ajabu kijibomba kikazibwa na kutu yake chenyewe. Hapo sensa inasoma upuuzi, na mwenye gari anauziwa chujio.

Kipimo chake hakihitaji ujuzi mkubwa, kinahitaji mashine ya kupimia inayosoma namba za sensa, si ile inayofuta taa tu. Washa ufunguo bila kuwasha injini. Hakuna moshi unaopita, kwa hiyo tofauti ya msukumo lazima iwe sifuri au karibu kabisa na sifuri. Ikionyesha namba kubwa, sensa ni mbovu na habari ya chujio haijaanza. Ikiwa sifuri, washa injini, iache ipate moto, soma tena kwenye silensa: chujio lenye nafasi kwa kawaida huonyesha kama kilopaskali 1 au pungufu. Kisha kanyaga mafuta taratibu mpaka raundi 2,500. Namba ipande na irudi pamoja na mguu wako. Ikiganda mahali pamoja, kagua mipira. Ikiruka juu sana na gari likakosa pumzi, hapo kweli kumeziba. Mwombe fundi akuonyeshe namba hizo kwa macho yako kabla hajashika spana. Anayekataa kuonyesha huwa hajapima.

Namba zikisema masizi, na taa ni ile ya kwanza tu bila gari kukata nguvu, ushauri wa kwenda Kilifi ni wa kweli, kwa masharti. Pima oili kwanza. Ikiwa imepanda, ibadilishe kabla ya safari. Jaza zaidi ya nusu tangi. Injini ishapata moto, shika mwendo wa 60 hadi 80 bila kusitasita, gia moja chini ya uliyoizoea ili raundi zibaki juu ya 2,000, kwa dakika 20 au zaidi. Kasi yenyewe haina maana kubwa. Upande wa Kilifi kuna vijiji na matuta mengi yanayokatiza mwendo. Mimi ningeshika njia ya kaskazini, daraja la Sabaki na kuendelea kuelekea Garsen, ambako barabara imetulia. Ndiyo maana malori yanayokwenda Mokowe na kurudi hayana kesi hii sana. Ukimaliza, usiegeshe juu ya nyasi kavu wala makuti yaliyoanguka: kopo liko chini ya gari na moto wake unatosha kuyawasha.

Taa ikiwa imeshafuatwa na nyingine, na gari limejifunga halizidi raundi fulani, mwendo hautasaidia, kompyuta imeshaghairi. Fundi mwenye mashine anaweza kulilazimisha lichome likiwa limesimama. Inafaa, ila si kwa chujio lililofurika. Masizi mengi yakishika moto kwa pamoja, joto hupita nyuzi 1,000 na kauri hupasuka au kuyeyuka. Kwa hiyo kiwango cha masizi kisomwe kwanza, na kikiwa juu ya kile mtengenezaji alichoruhusu, chujio litolewe. Na kulilazimisha mara mbili tatu kwa mwezi ni ushahidi kwamba chanzo hakijaguswa. Dawa za chupa za kumimina kwenye tangi hushusha joto ambalo masizi huungulia, na zinaweza kumsaidia mtu wa safari fupi. Kwa majivu hazifanyi lolote, hata chupa iandikwe nini.

Majivu huondolewa chujio likiwa nje ya gari. Waliobobea hupima mtiririko wa hewa, hulioka kwenye tanuri, hulipuliza au kulisukuma kwa maji kutoka upande wa kutokea kuelekea upande wa kuingilia, hulikausha, kisha hupima tena na kukupa namba mbili, kabla na baada. Mashine ya kuoshea magari si kitu hicho. Msukumo wake ukielekezwa karibu huvunja kuta nyembamba za kauri, na ukioshea upande wa kuingilia unayashindilia majivu yale yale mwishoni mwa vijia. Maji yakibaki ndani, sensa za joto ndizo zitakazolia kwanza. Na kupuliza kwa kompresa chini ya mwembe wa gereji, huku vijana hawana barakoa, ni kuwalisha mapafu yao kila kilichokusanywa miaka 8.

Kuhusu kukata, sitajifanya sielewi. Chujio jipya la kiwandani ni laki kadhaa, na mwenye gari ana ada za shule. Lakini aelewe anachonunua. Fundi hutoboa tofali, huchomelea kopo lifungwe lionekane zima, kisha programu ya kompyuta hubadilishwa isilitafute. Programu ikiandikwa vibaya, gari linaweza kuendelea kunyunyizia dizeli ya kuchomea kitu kisichokuwepo. Nozeli inayochuruzika inabaki ikichuruzika, sasa na moshi wake hadharani. Kataliti ikitolewa pamoja na chujio, madini yake yana wanunuzi, kwa hiyo uliza ilikokwenda. Mara nyingi “kukatiwa kwa bei ya kirafiki” kulilipwa na kitu chako. Na moshi huo ndio ambao mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani la WHO liliuweka kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani. Kenya ina kanuni za ubora wa hewa zinazogusa moshi wa magari. Kwamba huoni askari akipima barabarani leo si hoja ya kumpulizia mtoto anayevuka kwenda madrasa.

Ukienda kununua gari ambalo huenda limeshakatwa, pitisha kidole ndani ya ncha ya eksosi likiwa limepoa. Chujio zima huacha ncha karibu safi hata baada ya miaka. Kidole kikitoka cheusi tititi, limetobolewa au limepasuka, hata muuzaji aape. Na kama safari zako zote ni Maweni, sokoni na Casuarina, basi la dizeli achana nalo, tafuta la petroli.

Kwa aliyekwisha kusafisha au kubadilisha, kuna hatua inayosahaulika zaidi ya zote. Kompyuta huhesabu majivu kwa kukisia kutokana na kilomita, na haijui kwamba chujio limeoshwa mpaka iambiwe. Hesabu hiyo isiporudishwa sifuri kwa mashine, gari litaendelea kuamini limejaa, litachoma ovyo, litapandisha oili, na taa itawaka ndani ya muda mfupi juu ya chujio safi. Hakikisha hilo limeandikwa kwenye risiti kabla hujalipa.